Mstari wa "Nipo Hapa"

Kazini walimwita Mjomba, na jina hilo alilipenda kupita kiasi. Ndiye aliyeandika sehemu ya mwisho ya kompaila yao, ile programu inayogeuza maandishi ya waandaaji programu kuwa amri za mashine. Ukimuuliza jambo, kwanza anavua miwani, anaipangusa kwa shati, ndipo anajibu. Watu wa aina hiyo nawajua: wakikosea, hawataki hata ukuta usikie.

Basi kompaila ikaanza kuzimika ghafla; leo inazimika, kesho haizimiki. Hizo ni dalili za kosa la kumbukumbu ya kompyuta: mahali fulani programu inaachia nafasi, kisha inarudi kuisoma kana kwamba bado ni yake, kama mpangaji aliyehama na ufunguo. Mjomba akatafuta wee. Mwishowe akaingiza mstari wa kuandika "nipo hapa" kwenye skrini, ajue programu inafika wapi. Ikaacha kuzimika. Akiutoa mstari, inazimika. Akiurudisha, salama salimini.

Kila mwenye kazi hiyo anajua maana yake: kosa halijapona, limejificha tu, kwa sababu mstari ule umesogeza vitu kwenye kumbukumbu. Mjomba alilijua hilo kuliko wote. Lakini siku ya kukabidhi ilikuwa imemkaba koo. Akauacha mstari palepale, akatangaza kazi imekwisha, akapigiwa makofi. Funika kombe mwanaharamu apite!

Mama Pacha, aliyekuwa kwenye mkataba wa majaribio, akapewa kazi ya kusafisha msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Akaukuta mstari usio na kazi. Nani asingeufuta? Akaufuta, na kompaila ikaanguka mbele ya wateja.

Kikaoni mkuu wa idara alisema wazi kwamba mtu asiyejua anachokifuta hafai kuajiriwa. Angetoa uamuzi juu ya Mama Pacha kesho yake. Mjomba alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena.

Baadaye Mama Pacha alimfuata mezani, macho mekundu.

"Mjomba, nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

"Usijali, Mama Pacha. Hakuna asiyekosea."

Alisema hivyo, tena kwa upole! Jioni hakuweza kumtazama mkewe usoni. Alipoulizwa kulikoni, akasingizia kichwa. Hakikuwa kichwa; ilikuwa aibu, na ilimkaa kifuani kama tonge lililokwama.

Asubuhi aliwahi ofisini. Akawasha programu ya kukagua kumbukumbu, ambayo angeitumia tangu mwanzo kama si haraka na kiburi. Ikamwonyesha mahali alipoachia nafasi, na chini kidogo, mahali alipoisoma tena. Yote mkono wake mwenyewe. Akarekebisha, akaenda kwa mkuu, akaomba Mama Pacha aitwe, akaeleza kila kitu.

Mkuu alifoka, kisha akachoka kufoka. "Mjomba nawe! Haya, yamekwisha." Akausaini mkataba wa ajira wa Mama Pacha hapohapo.

Walipotoka, Mjomba alianza kusema samahani. Mama Pacha akamkatiza.

"Kuficha kosa naelewa, sote tunaogopa," alisema taratibu. "Lakini nilikuja kukuomba radhi, Mjomba. Na wewe ukanisamehe."