Mvua ya Upande wa Migomba

Mama alidarizi mvua. Wenzake waliosoma naye shule ya misheni walidarizi maua na ndege kwenye vitambaa vya meza. Yeye alishona mlima tuliouona mlangoni kwetu, kule juu Kilosa, mawingu yakiushukia. Watu walimtania kwamba uzi umemwishia kabla ya kufika kwenye maua. Yeye akaendelea kushona mawingu yake.

Kisha likaja lori la kutuhamishia kijiji cha ujamaa, bondeni upande wa Tindiga. Nilikuwa na miaka tisa, na nilifurahi, sifichi. Bomba lilikuwa karibu, shule karibu, na watoto wa kucheza nao kila nyumba. Mama alilima shamba la kijiji na kuimba na wenzake, lakini akirudi alikaa nyuma ya nyumba akiitazama milima. Kutoka kule chini tuliiona kwa upande wa mgongo, na mlima wake hakuutambua.

Alitaka kushona kitambaa kimoja kikubwa cha marekani, chenye yote aliyoyaona pale mlangoni, kabla hayajamtoka kichwani. Uzi wa buluu ulikuwa haba madukani, akautumia kidogokidogo kama dawa.

Alasiri moja nilikuwa natoka kwenda kucheza rede, akaniita.

"Mwanangu, wewe macho yako bado mapya. Mvua kule kwetu ilikuwa inaanzia upande wa jabali, au wa migomba?"

Sikukumbuka. Tena nilikuwa nimechoka na hiyo kule kwetu, kule kwetu ya kila siku, na wenzangu walikuwa wananiita njiani.

"Migomba, mama. Nakumbuka vizuri kabisa."

Alinitazama, akaitazama kazi iliyokuwa mapajani mwake. "Haya, nenda kacheze."

Kitambaa kilipokamilika, mvua ilitokea migombani. Akakitundika ukutani, na kule mlimani kwetu hakurudi tena mpaka alipofariki.

Mwaka uliofuata nilipanda huko mwenyewe. Nyumba ilikuwa imebaki msingi tu, na migomba imegeuka pori. Nikakaa palipokuwa na mlango wetu, nikangoja. Mvua ikaja ikitokea jabalini. Wanasema njia ya mwongo ni fupi; yangu ilinichukua miaka mingi, na kupanda mlima juu. Nililowa pale huku nikitamani vibaya mno mama awepo nimwambie, anigombeze, halafu anicheke.

Niliporudi nyumbani nilikishusha kitambaa nikifue, nikakigeuza. Upande wa jabali kulikuwa na vitundu vya sindano, mstari baada ya mstari, vyote vimelala mshazari, na kipande cha uzi wa buluu kisichozidi ukucha. Alikuwa ameishona mvua yote pale kabla hajaniuliza.

Alikuwa anakumbuka. Akafumua, kwa sababu mimi nilisema nakumbuka vizuri kabisa.