Maji ya Kisima Chini ya Lori

Baba alipofariki, lori lake lilibaki uani kwetu Magarini, limeishiwa nguvu. Mama, aliyekuwa ndani amekaa eda, aliniita dirishani.

"Litengeneze, mwanangu, kisha liuzwe. Sitaki liozee mbele ya macho yangu."

Mimi ni fundi wa magari makubwa Malindi. Mnunuzi alishapatikana, alichongoja ni lori lipone tu. Basi nikawa nalitibu ili liondoke. Nilishika spana nikiwa na hasira, wala sikujua namkasirikia nani.

Kompyuta ya kupimia ilitaja nozeli ya ekzosi, ile inayonyunyiza dizeli kidogo kwenye moshi ili joto lipande na masizi yaliyonasa kwenye chujio yaungue. Isiponyunyiza, chujio huziba na lori hukosa pumzi. Fundi mwingine angeagiza nozeli mpya papo hapo. Mimi kompyuta siiamini kiasi hicho. Niliifungua nozeli, nikaisafisha, nikaijaribu nje ya lori, ikatema dizeli vizuri tu. Hapo nikalala chali chini ya lori kuufuata waya wake. Nilipochomoa soketi, pale waya unapoungana na nozeli, ndani mlikuwa na kutu ya kijani. Chumvi ilikuwa imeila shaba yote.

Baba alibeba chumvi kutoka upande wa Ngomeni. Kila aliporudi, kabla hata ya kuvua viatu, aliliosha lori tumboni kwa mpira wa maji, polepole, akilisemesha. "Chumvi hii nikiiacha, itanilia gari," alikuwa akituambia. Mama naye, akiusikia tu mngurumo wa lori, alimtengea maji ya moto bafuni. Na maji ya kuoshea lori yalitoka kisimani petu, yale yale tusiyoyanywa kwa sababu ni ya chumvi. Sote tulijua, na hakuna aliyewaza. Baba wa watu aliliosha chumvi kwa chumvi, miaka yote ile, kwa mapenzi yake yote. Nilicheka peke yangu kule chini, kisha nikalia mpaka machozi yakaniingia masikioni.

Nikabadilisha soketi na kipande cha waya, nikawasha injini, nikaiacha ingurume hadi masizi yakaungua. Moshi ukakatika. Lori likanguruma sauti yake ya zamani, ile tuliyokuwa tukiitambua tangu barabarani.

Niliingia ndani kumwambia mama kwamba mnunuzi sasa anaweza kuja. Nilimkuta kasimama mlangoni pa bafu. Ndoo ilikuwa ikitoka mvuke, na kikoi cha baba kimetundikwa msumarini.

"Nimejisahau," alisema, bila kunitazama. "Nimelisikia lori."

Akaisogeza ndoo kwangu.

"Basi koga wewe, mwanangu. Maji yatapoa."