Kumebaki Kuambia Nyavu

Hata leo, kipaza sauti kinapopiga ule mluzi wake kabla mtu hajasema, mimi huanza kucheka peke yangu, na watu kanisani hunitazama vibaya. Waache watazame. Mluzi ule ndio uliotangulia sauti ya mjomba wangu Rafaeli kila Jumapili alasiri, kwenye uwanja wa mpira wa Uvira, kando ya ziwa, miaka ya hamsini, Wabelgiji walipokuwa bado wanatupangia hata upande wa kusimama: wao chini ya turubai, sisi ng'ambo, jua usoni.

Mjomba alikuwa winga wa kushoto mpaka goti lilipomsaliti. Ofisi ya serikali ya Wabelgiji ikampa kazi ya kupeleka barua, na Jumapili kutangaza mpira. Alitakiwa kutaja majina na magoli, basi. Yeye akatia chumvi. Kipa akifungwa, alisema macho yake ni mazima, mikono ndiyo iko likizo. Beki mwenye mbio alimsifu kwamba hufika haraka kila mahali mpira ulipokwisha kuondoka. Na alitufundisha kuwa mpira una nusu tatu: miguu, mapafu na domo. Kauli hizo tulizibeba wiki nzima, mtoni na shuleni.

Mzungu wa ofisi hakucheka. Alimwonya: neno moja la ziada, hakuna kazi. Baba alikuwa amefariki, na nyumba yetu ya Kilibula ilikula kwa mshahara huo. Mama, dada yake mkubwa, mwanamke aliyecheka akiwa ameziba mdomo kwa kitenge, alimshika mkono baada ya misa.

"Leo utaje majina tu, Rafaeli. Nakuomba."

Mjomba akakubali. Na kweli kipindi cha kwanza alitaja majina, kwa sauti ya mgonjwa. Nilimwonea huruma.

Tulikuwa tunacheza na timu ya makarani. Karibu na mwisho kijana wetu akafunga bao safi; mwamuzi, rafiki wa yule Mzungu, akalikataa, wala hakusema kwa nini. Mjomba akasogeza kipaza sauti mdomoni:

"Goli imekataliwa. Kumebaki tu kuambia nyavu."

Uwanja ukaangua kicheko. Mzungu akaja mbio, akamnyang'anya kipaza sauti, akamwambia kesho asikanyage ofisini. Mjomba akasimama kwa mguu wake mzima, akayarudia maneno yaleyale kwa sauti tupu. Lakini upepo wa ziwa ukayala; waliokuwa mbali hawakusikia kitu.

Ndipo mama alipoondoa kitenge mdomoni. Alikuwa binti wa wavuvi, na wavuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, hupokezana habari mtumbwi kwa mtumbwi. Akaidaka ile kauli, akawapazia sauti waliofuata, nao wakawapazia wengine, mpaka ikazunguka uwanja na kutokea nyuma ya turubai. Mchezo uliobaki tuliutangaza wote hivyo.

Mshahara ukaisha. Tulikula muhogo na sombe, majani yake, mpaka nikachoka, na nilimkasirikia mama: si yeye aliyeomba kimya? Utotoni nilijua tu kwamba siku ile tulipoteza kazi. Nilikuwa mtu mzima nilipomwuliza. Alikuwa anachambua ndagala, hakuinua kichwa.

"Minye nilikuwa nimechoka kuchekea mu nyumba," akasema.

Ndiyo maana, hata kanisani, sizibi mdomo.