Mbeleko Chini ya Pampu

Sumu haikuingia mwilini mwa binti yangu kwa mdomo. Nalisema hili kwanza kwa sababu siku ile nzima watu walikuwa wakimchungulia mdomoni.

Tulikuwa tunanyunyizia kahawa dawa ya wadudu, kwetu karibu na Giakanja. Pampu ya mgongoni tuliazima kwa jirani, na ilikuwa inavuja. Chuma chake kilimuuma mume wangu uti wa mgongo, basi akatoa mbeleko ya mtoto kwenye kamba ya nguo, akaikunja mara nne, akaiweka kati ya mgongo wake na pampu. Alipomaliza kazi akaianika palepale alipoitoa. Hakuniambia. Angeniambia nini? Kwake ilikuwa kitambaa tu. Jua likaikausha, na harufu nayo ilikuwa imejaa shamba zima, nani angeitofautisha?

Dawa yenyewe walitupimia dukani kwenye chupa ya soda, bila karatasi, bila neno. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Kama kungekuwa na maandishi ningeyasoma.

Saa nane nikambeba mtoto, wa miezi tisa, kwa mbeleko ile, nikaenda kupalilia viazi. Baadaye kidogo nikahisi mgongo umelowa. Nilidhani amekojoa. Yalikuwa mate. Nilipomteremsha, jasho lilikuwa linamtiririka, mboni za macho zimekuwa nukta, na shingo haishiki kichwa.

Mama mkwe akauliza amekula nini. Nikasema amenyonya tu. Hakuniamini, akamtia kidole mdomoni kutafuta. Kwetu kila mtu anajua kinga ya sumu ni maziwa. Wanaume hunywa kikombe kizima kabla ya kunyunyizia, kisha hurudi nyumbani shati limegandamana na mgongo kwa dawa, wakijiona wamejikinga. Mama mkwe akamnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Yakarudi kwa pua. Nami nilikuwa nimemshikilia kichwa.

Tukapata lori la maziwa likienda Nyeri mjini. Baridi ilikuwa inashuka. Mume wangu akaniambia nimfunike vizuri, mtoto anatetemeka, nami nikaikaza mbeleko, nikamfunika hadi masikio. Kila kilima tulichopanda alizidi kulegea, na kila alipolegea nilizidi kukaza.

Hospitalini sista mmoja, mama wa makamo kutoka magharibi ya nchi, hakumtazama mdomo. Alinusa.

"Hii kitu umemfungia ilikuwa wapi?"

Nikamgeukia mume wangu. Akasema polepole, macho chini, kwamba aliiweka chini ya pampu, ati chuma kilikuwa kinamuuma.

"Na nyinyi mnampatia maziwa," sista akasema, akiyaona yaliyomkaukia mtoto puani. "Huyu ameinywa kwa ngozi, na bado anainywa. Mvue kila kitu."

Akamsugua kwa sabuni na maji mengi, kuanzia nywele, huku daktari akiitwa aje na sindano. Nilinyoosha mikono nimpokee. Akanisukuma kwa kiwiko.

"Usimguse, mama. Wewe pia uko na hiyo dawa, nguo mpaka mwili. Enda uoge kwanza."

Nikaoga kwenye bafu la wagonjwa, kwa maji baridi. Mahali alipokuwa amelala mwanangu, katikati ya mgongo, mkono wangu haukufika. Mume wangu alikuwa nje ya mlango, lakini mikono yake ndiyo iliyochanganya dawa. Sikumwita. Nilijisugua kwa kujikwaruza ukutani, kama ng'ombe, nikimtukana kimoyomoyo, yeye na mwenye duka na mimi mwenyewe, nikitega sikio wodini. Hakukuwa na kilio.

Kilio kilikuja siku ya tatu, chembamba, kama cha paka. Sista akanileta kitandani, akaniambia nimchukue, sasa ni salama. Nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa nimeiosha asubuhi hiyo mara nne. Nikasema ngoja kidogo, nikaenda kuiosha tena.

Niliporudi alikuwa amelia mpaka akalala.