Baba Alivyopalilia Ukoka Wangu

Mimi nauza ukoka. Watu wa kwetu wakisikia hivyo hucheka, maana Usukumani majani hayauzwi, majani huliwa na ng'ombe. Lakini huku karibu na migodi, waliopata dhahabu wanajenga, na aliyejenga hataki vumbi mlangoni. Basi nimekodi kiwanja hapa Nyahanga, nimekizungushia seng'enge, napanda ukoka mwembamba. Ukishashikana naukata vipande kwa koleo, napakia, napeleka.

Adui yangu ni majani ya porini. Mbegu zake huja na samadi, huja na upepo, huja hata na viatu vya wateja. Ukiyachekea wiki moja yamekupita kimo, na kipande chenye magugu hakuna anayekitaka. Ndiyo maana sijui kukaa kitako.

Mwaka mmoja baba alikuja kwangu. Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe wawili tu, akawakabidhi kwa mdogo wake kijijini. Mama alishafariki. Nilitaka baba abaki nami moja kwa moja, kwa sababu kumwaza peke yake katika kaya ile tupu kulininyima raha. Lakini naye hakutulia. Alizunguka seng'enge, akarudi, akaketi, akainuka tena. Siku ya tatu akaniambia, "Mayu," yaani mama, ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu liko wapi?"

Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwonyesha kitalu kikubwa, ukoka niliomwahidi mfanyabiashara mmoja wa Masumbwe, mtu aliyeniambia kwamba akiona gugu moja nitageuza na mzigo wangu.

"Baba, ng'oa majani mabaya, acha mazuri."

Nikasema hivyo tu, kwa haraka zangu, nikadandia bodaboda kwenda kutafuta mpira wa maji.

Niliporudi mchana, ukoka wangu ulikuwa umelundikwa kando ya seng'enge. Kitaluni yalibaki majani mapana ya porini, yamepaliliwa vizuri na kumwagiliwa. Baba alikuwa anajifuta jasho huku akitabasamu.

"Ngitili yako ilikuwa imevamiwa," alisema. "Yale mafupi, ng'ombe atalamba udongo tu."

Ngitili ni malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate kitu kiangazi. Mzee aliyechunga tangu utoto akiona majani ndani ya seng'enge, atawaza nini kingine?

Nilimfokea. Nilimfokea baba yangu mzazi, majirani wakisikia, nikasema ameniua, na aibu ile inanichoma hadi leo. Yeye alikwenda kwenye lundo. Aliulowanisha ule ukoka kwa maji, akapiga magoti, akaanza kurudishia shina moja moja. Nikampigia mteja, nikambembeleza mpaka akakubali kusubiri. Kisha nikapiga magoti kando ya baba. Kwa siku mbili tulirudishia ukoka na kung'oa yale majani yake mazuri. Hakuyatupa. Aliyafunga matita, akampelekea jirani mwenye ng'ombe wa maziwa.

Tulipomaliza, asubuhi yake nilimkuta ameshavaa, begi mkononi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia abaki, nitampa kazi nyingine, na asipotaka kazi akae tu.

"Nilishakusamehe, mayu," alisema. "Lakini maisha yangu yote nimetembea juani kuyatafuta majani yale. Siwezi kuzeeka nikiyang'oa."

Nilimpokea begi. Nilimsindikiza stendi.

Mteja wa Masumbwe aliridhika, akaniletea wengine, na sasa nina kiwanja cha pili. Baba hajarudi. Kila nikimpigia simu huuliza kama mvua imenyesha huku kwangu, na majani yameotaje. Namjibu yameota vizuri sana, baba, huku nimeyashika mkononi, nimetoka kuyang'oa, mizizi yake bado ina udongo.