Ndoo Ndani ya Beseni

Mganga hajigangi, na kama huamini, nenda nyumbani kwa fundi wa mafriji. Ya watu anayafufua mchana kutwa; lake limekufa jikoni miaka na miaka, limegeuka kabati la sufuria.

Mkewe alikuwa akipika bia yake mwenyewe, na msimu wa joto ulimtesa. Bia inayochachuka haitaki joto: hamira hupandwa na wazimu, ukionja unasikia ladha ya rangi ya kucha. Basi aliisimamisha ndoo ndani ya beseni la maji, akaivika taulo lililolowa, akaielekezea feni. Maji yakipata joto, anatumbukiza chupa za barafu alizoomba kwa jirani.

"Mume wangu, na hilo friji?"

"Kesho, mke wangu."

Kesho hiyo ilizeeka. Mke akafa ghafla, ndoo ikiwa bado inatoa mapovu.

Waombolezaji walipoondoka, fundi hakulia. Alilowesha taulo, akabadilisha chupa. Watu wakasema ana roho ngumu. Wangejua! Hakuwa anasikia chochote, si njaa wala huzuni. Alijua jambo moja tu: mkono wa mkewe umebaki kwenye ndoo ile, na joto likiiharibu, hakuna wa kupika nyingine.

Siku moja jirani alisafiri, barafu ikakosekana. Fundi akatoa sufuria, akalivuta friji, akalifungua mgongoni. Kumbe kilichokufa ni rilei tu, kidude cha kuwashia mota, na kwenye mkoba wake zimejaa tele. Kabla chai aliyoibandika haijachemka, friji likaanza kunguruma. Alisimama akingoja uchungu uje. Haukuja.

Jioni shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta anainyanyua ndoo aiingize kwenye friji. Akafunua mfuniko, akachungulia.

"Shemeji, mbona hii imetulia? Imeshaiva kitambo, haichachuki tena, joto halina la kuiharibu!"

Akachota kikombe, akaonja, machozi yakamtoka.

"Ni yenyewe kabisa. Dada hakukosea hata kidogo. Sasa friji la nini tena?"

Fundi naye akaonja. Ilikuwa bia safi, haina harufu yoyote mbaya. Akairudisha ndoo kwenye beseni, akalifungua friji tupu, akatia mkono ndani mpaka begani. Lilikuwa linapoza vizuri sana.