Kadi Niliyoipaka Wino Njiani Makobola

Sikuondoka Uvira kwa kupenda. Jirani yangu Riziki alihamishwa na maji ya ziwa, na mama yake huko Makobola, asiyejua kusoma na asiye na simu, hakujua kama binti na mjukuu walipona. Basi Riziki alikata katoni, akachora kwa kalamu za rangi nyumba aliyohamia, daraja la karibu, hema la askari, na yeye mlangoni na mtoto mgongoni. Nyuma aliandika salamu mistari miwili.

"Yaya, umupatie mu mukono," aliniambia, akiniita kama mkubwa wake.

Saa mbili asubuhi teksi iliondoka. Kabla ya kizuizi, abiria mmoja akasema, "Pale bariera banafungua hata simu. Bakikuta foto ya daraja, banakushusha."

Nilikuwa na daraja na hema la askari mfukoni! Nikatoa kalamu nikavifuta kwa wino mweusi, na kwa vile gari lilirukaruka, nikamfuta hata Riziki na mtoto wake mlangoni. Askari alitupungia tu tupite.

Saa nne, Makobola. Mama yake Riziki alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani. Alifuta mikono, akaipokea kadi akitabasamu, kisha kidole kikasimama kwenye weusi wa mlangoni.

"Hii nyeusi ni nini? Mutoto wangu iko wapi?"

"Mama, ni minye nilipaka. Niliogopa basoda ba bariera."

"Unanificha. Sema tu, balikufa?"

Nikamsomea salamu kwa sauti.

"Hayo maneno unatunga weye!"

Majirani wakaja, wakaanza kulia naye. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko. Mimi nilipeleka kilio.

Saa sita alijifunga kikwembe kiunoni, akapanda teksi pamoja nami, kadi mkononi. Safari hii askari aliichukua, akaigeuza.

"Nani alifunika hapa?"



"Ni huyu muoga," mama akasema, akininyooshea kidole. "Minye naenda kuona kama mutoto wangu iko muzima."

Askari akamrudishia kadi, akatupungia tupite.

Saa nane Riziki alifungua mlango. Mama alimshika mjukuu miguu yote miwili, akaketi chini, akalia upya.

Nilichojifunza nakisema kwa aibu: ukiogopa kubeba kadi ya mtu, mrudishie mwenyewe. Mimi niliogopa kukamatwa, nikamuua binti wa watu mbele ya mama yake, kwa muda wa saa nne nzima.